Usimdai Mgonjwa Imani

Kemo ya nne ya saratani inapoahirishwa, wa kwanza kuulizwa maswali huwa ni mgonjwa mwenyewe. Mke amefika kliniki Mombasa asubuhi na mapema, ametolewa damu, amekaa kwenye benchi. Saa tano muuguzi anatoka na karatasi: chembe nyeupe ziko chini, rudini wiki ijayo. Mume na mke wanapanda tena gari la Malindi, kilomita 120 hivi, na dawa haijaingia mwilini hata tone. Jioni jumuiya inakuja nyumbani kuomba, na kati ya wimbo na sala mtu mwenye nia njema kabisa anauliza, "Lakini dada, unaamini kweli?"

Naona swali hilo ni baya, na mwenye wajibu wa kulizuia mlangoni ni yule aliyesimama kanisani akaapa kwa shida na raha, kwa afya na ugonjwa. Kiapo kile hakikutaja matokeo. Hakuna padri wala mchungaji aliyetuuliza kama tutapendana endapo dawa itafanya kazi.

Tuanze na yanayotokea mwilini, maana hapo ndipo uongo mwingi huingilia. Kemo huua seli zinazogawanyika haraka. Seli za saratani ni hizo, lakini uboho unaotengeneza damu nao hugawanyika haraka, na vilevile mizizi ya nywele na ngozi laini ya ndani ya mdomo na matumbo. Ndiyo maana nywele hudondoka, mdomo hutoka vidonda, na chembe nyeupe hushuka wiki moja au mbili baada ya dawa. Ratiba nyingi huwekwa kila siku 21 ili uboho upate nafasi ya kujijenga. Usipojijenga kwa wakati daktari anangoja, kwa sababu kumwongezea dawa mtu ambaye kinga yake imeanguka ni kumweka katika hatari ya maambukizi yanayoweza kumuua kabla ya saratani. Kipindi hicho homa ikifika nyuzi 38 ni dharura. Anapelekwa hospitali ya karibu usiku uleule, hata kama kliniki yake ni Alhamisi.

Yako mengine mazito zaidi ya kuahirishwa. Uvimbe unaweza kusinyaa mwanzoni kisha ukagoma, kwa kuwa seli chache zilizoihimili dawa ndizo zinazobaki na kuzaana. Ugonjwa unaweza kurudi kwenye mfupa, ini au mapafu. Dawa yenyewe inaweza kudhuru: doksorubisini ikagusa moyo, sisplatini ikagusa figo, paklitaseli ikaacha vidole vya miguu na ganzi, hata daktari akalazimika kupunguza kipimo au kubadilisha njia. Makadirio ya mwaka 2022 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya kuwa zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Kwa wanawake, ya matiti na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza, na wengi wanafika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Katika mlolongo wote huo sioni mahali ambapo kiasi cha imani ya mgonjwa kinapimwa. Uboho wa mcha Mungu na wa mwizi hushuka kwa dawa ileile.

Sisi wa Malindi tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, mingi ikaletwa mochari ya hospitali ya hapa mjini. Manusura na waendesha mashtaka walieleza watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na mafundisho yaliyowakataza shule na hospitali. Mahakama zina kazi yake. Kazi yetu waumini ni kujiuliza mafundisho ya aina hiyo huanzia wapi, na mimi nasema huanzia sebuleni, siku ambayo mtu anashauriwa kuacha kliniki moja tu. "Umeshapokea uponyaji wako, ukirudi kule unamwaibisha Mungu." Anayesema hivyo hana msitu wala kaburi, pengine ni shemasi mpole anayeimba vizuri. Lakini kemo iliyorukwa kwa sababu hiyo imerukwa, na seli zilizobaki hazingoji ibada ya shukrani.

Upande wa pili wa ukoo nako kuna jibu lililo tayari. Tiba ikikwama, shangazi anavuta kiti karibu na kunong'ona kwamba huyu amefanyiwa, apelekwe kwa mganga akatazamiwe. Katika Kilifi yetu tunajua minong'ono ya aina hiyo imeishia wapi: wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa mvi zao tu. Nikimsikiliza mganga na nikimsikiliza mhubiri wa uponyaji wa lazima, nawaona wanafanya kazi moja. Wote wawili wanatafuta mkosaji. Mganga anamwonyesha bibi wa nyumba ya nyuma, mhubiri anamwonyesha mgonjwa mwenyewe, dhambi aliyoficha au sadaka aliyozuia. Wanafunzi wa Yesu nao walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Jibu hilo limo katika Yohana sura ya 9, tunalisoma kila mwaka, na bado tunarudi kwenye swali.

Kisa kinachonisaidia zaidi ni kile cha yule mwenye kupooza katika Marko sura ya 2. Watu wanne walimbeba, wakakuta nyumba imejaa, wakapanda juu, wakatoboa dari na kumteremsha kwa kitanda. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Yule aliyelala hakuulizwa kama anaamini. Hatuambiwi kama alikuwa na tumaini au alikuwa amechoka kabisa, amekubali kubebwa ili tu wenzake waridhike. Imani iliyokuwa na kazi siku ile ilikuwa kwenye mikono ya wabebaji, na ilionekana kwa jasho na vumbi la dari. Hapo ndipo ninapomweka mume au mke wa mgonjwa. Kuamini ni zamu yake. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni asidaiwe ushuhuda.

Mke wangu alipokuwa kwenye kemo, wageni wa sala walikuwa wengi na tuliwapenda. Baada ya kundi moja kuondoka aliniambia, "Baba watoto, wakishaomba kwamba nimepona, mimi nashindwa kuwaambia naumwa." Tangu siku hiyo nikawa nawapokea wageni nje, chini ya mwembe, nawaeleza hali ilivyo kabla hawajaingia: damu imeshuka, leo hajala, mwombeeni apate usingizi na asitapike. Wengi walifurahi kupewa kitu cha kuombea. Mzee mmoja wa kanisa aliingia, akakaa, akamshika mkono, hakusema neno mpaka alipoaga. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hiyo ndiyo wiki pekee waliyomfaa. Walipofungua midomo wakaharibu.

Biblia wanayoishika wahubiri wa uponyaji wa lazima imejaa watu ambao hawakupona walipoombewa. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha." Mtume huyohuyo aliyeponya wengine anaandika kwamba alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa hawezi. Anamshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayomrudia mara kwa mara, wala hamwambii akemee pepo. Luka, rafiki yake, alikuwa tabibu. Na wale vijana watatu wa Danieli, mbele ya tanuru, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Mume anayeomba usiku kabla ya majibu ya skani anahitaji sala yenye nafasi ya kauli hiyo. Asipokuwa nayo, majibu mabaya yatamwangukia mara mbili, kama habari ya ugonjwa na kama habari ya kuachwa na Mungu.

Gari la Malindi linapokaribia daraja la Nyali, upande ule wa bara kuna kaburi la Rosina, mke wa mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Alifariki Julai 1844, muda mfupi baada ya kujifungua, kwa homa, na mtoto wao wa kike akafa siku chache baadaye. Krapf naye alikuwa mgonjwa hoi. Ukristo wa pwani hii katika enzi ya wamisionari wa karne ya 19 ulianza na mwanamume aliyezika mke na mtoto, kisha akaendelea kutafsiri na kwenda Rabai. Huwa nalikumbuka kaburi hilo nikisikia mtu akisema waumini wa kweli hawauguliwi.

Sasa juu yetu wanaume, na hapa sitaki kupita haraka. Mwaka 2009 jarida la Cancer la Marekani lilichapisha utafiti wa wagonjwa 515 wenye saratani au magonjwa mengine makubwa ya ubongo na neva. Walipokuwa wagonjwa ni wake, ndoa zilizovunjika zilikuwa karibu 21 katika kila 100. Walipokuwa wagonjwa ni waume, hazikufika 3. Takwimu hizo ni za Marekani na zibaki huko, lakini mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi la wadi ya saratani hapa pwani amewaona: wanawake wanaosindikizwa na dada, na mama, na binti aliyekatisha shule, mume hayuko. Wengine wana mume anayetuma nauli kwa M-Pesa na kusema kazi imembana. Wengine wameshaambiwa kuna mwenzao.

Mume huyo mara nyingi ni mtu wa kanisani. Anasali. Tatizo ni kwamba alifundishwa kuuguza ni kazi ya wanawake, na kazi yake yeye ni kuleta pesa na kupokea pole. Basi tiba inapokwama, pesa zimekwisha na pole zimepungua, anajikuta hana la kufanya ndani ya nyumba yake. Mimi naamini mwanamume akijifunza kazi za mikono mapema, hata imani yake inapata mahali pa kukaa. Kuna maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutua mdomo kila baada ya chakula. Kuna uji wa mtama uliopoozwa, kwa sababu wa moto unachoma vidonda. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inamtapisha, basi jiko linahamia uani na samaki wanakaangwa kwa jirani. Kuna ndoo ya kuosha bila kukunja uso. Kuna daftari la kuandika: dawa ipi, siku gani, joto la mwili saa ngapi, alitapika mara ngapi. Daftari hilo daktari hulisoma kwa makini kuliko maelezo yoyote, na ndilo linalofanya kipimo cha dawa kirekebishwe kabla mambo hayajaharibika. Na majani ya mstafeli yanayochemshwa mitaani kama dawa ya saratani, na mlonge, na mwarobaini, vyote vitajwe mbele ya daktari, visifichwe kwenye chupa ya chai, maana ini na figo ndizo zinazobeba kemo na miti shamba kwa pamoja.

Anayeuguza naye ni mtu. Mahubiri yetu yamemsimanga mke wa Ayubu vizazi vyote kwa neno lake moja la kukata tamaa. Nani amekumbuka kwamba wale watoto kumi waliokufa walikuwa wake pia? Alipoteza mali ileile, akazika wanawe walewale, akabaki na mume mwenye majipu tangu wayo hadi utosi, na hakuna rafiki hata mmoja aliyesafiri kuja kumpa pole yeye. Katika makanisa yetu hali ni hiyohiyo. Tunauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" na mwenye kuuguza anajibu, "Tunamshukuru Mungu," kisha anarudi ndani. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina aya ya sifa mwishoni, na bado imewekwa kati ya sala za watu wa Mungu. Mume au mke asiyeweza kuimba baada ya skani mbaya apewe ruhusa ya zaburi hiyo. Asiimbishwe.

Niseme pia kwamba hapa Malindi Mkristo haugui peke yake. Jirani Mwislamu akikuletea sahani ya wali wa nazi kabla ya magharibi na kukwambia Mungu amfanyie wepesi, ameomba ombi ambalo naliona ni sahihi kuliko mengi niliyoyasikia kwenye vipaza sauti.

Pesa. Kanisa hufanya harambee mara ya kwanza kwa moyo mkunjufu. Ugonjwa ukirudi, harambee ya pili hupungua, na ya tatu watu huona haya hata kuitangaza. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, malipo ya saratani yaliwekewa kikomo. Mwaka 2025 kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, na anayebadilishiwa dawa baada ya ile ya kwanza kushindwa anaweza kukimaliza kabla mwaka haujaisha. Nje ya kikomo hicho kuna nauli ya watu wawili, malazi Mombasa, chakula, na siku ambazo mume hakuvua samaki wala hakuendesha tuktuk. Msamaria mwema alitoa dinari mbili, kisha akamwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba chochote kitakachozidi atakilipa atakaporudi. Alijua kupona kunaweza kuchelewa. Nayaomba makanisa ya mji huu yaweke mfuko wa mara ya pili: nauli ya kliniki iliyoahirishwa, na mtu mwenye gari ambaye simu yake haizimwi usiku, kwa ajili ya ile homa ya nyuzi 38.

Kikwazo kigumu kuliko vyote ni siku daktari anapoacha kusema "tutaponya" na kuanza kusema "tutamtunza". Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2009, katika jarida la JAMA, uliangalia wagonjwa 345 wenye saratani iliyofika mbali. Wale walioegemea zaidi dini katika kukabili ugonjwa walipata matibabu makali ya kurefusha maisha katika wiki yao ya mwisho karibu mara tatu kuliko wengine, mashine za kupumulia zikiwemo. Nilipousoma niliumia. Watu wanaoamini ufufuo ndio waliokufa wakiwa wameunganishwa na mirija, pengine kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba kuikataa mashine hakumaanishi kumkataa Mungu. Yule aliyepaswa kuthubutu alikuwa ni mwenzi wao, akiwa na mchungaji pembeni.

Huduma ya kutuliza maumivu haikubuniwa na wasioamini. Cicely Saunders, aliyefungua mwaka 1967 hospisi ya St Christopher's jijini London, nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, alikuwa Mkristo wa dhati, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya akili, ya jamii na ya roho kwa pamoja, kwa hiyo yatibiwe kwa pamoja. Morfini ya maji anayopewa mgonjwa kwa kijiko kila saa nne ni sehemu ya urithi huo. Kuna waumini hapa kwetu wanaoikataa wakidhani ni ishara ya kukata tamaa, au kwamba atakuwa mlevi wa dawa. Mgonjwa asiyelia kwa maumivu usiku kucha anaweza kuzungumza na watoto wake asubuhi. Anaweza kupokea mpako wa wagonjwa akiwa na akili timamu, kama Yakobo alivyoagiza wazee waitwe na mafuta yapakwe.

Na anaweza kusema anachotaka. Wenzi wengi hawaulizani, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kunyamaza, na watu wa kanisani wakiona kuzungumzia kifo ni kukiri kushindwa. Mfalme Hezekia aliambiwa na Isaya atengeneze mambo ya nyumba yake, kwa maana atakufa. Akageukia ukuta, akalia, akaomba. Akaongezewa miaka 15, na nabii huyohuyo akaagiza donge la tini liwekwe juu ya jipu. Agizo la kutengeneza nyumba, machozi, sala na dawa vyote vimo katika sura moja. Basi muulize mwenzako, jioni ambayo maumivu yametulia na watoto wamelala. Hati ya shamba la Ganda iko kwa nani. Nani atalipa karo ya mdogo. Kama hali ikibadilika ghafla, anataka kupelekwa Mombasa au abaki nyumbani, na kama ni nyumbani, nani aitwe kukaa naye zamu ya usiku ili wewe ulale.